Nepi za Kibomet

Siku tuliyomzika Wafula kule Kanduyi, nilimnyang'anya mwanamume mzima kitambaa mbele ya waombolezaji. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, gari lililoleta mwili lilifika limetapakaa matope, na huyo bwana, kwa nia njema kabisa, alikuwa amelimwagia maji kidogo na sasa anaisugua bonneti kwa kipande cha sweta, mviringo juu ya mviringo. Gari lenyewe lilikuwa jeusi. Nilikuwa nimeketi na akina mama, leso kiunoni, macho yamevimba kwa kulia, na bado niliisikia ile sauti ya mchanga ukisagika juu ya rangi. Nikainuka. "Weka hiyo kitu chini, baba," nikamwambia. "Unaichora." Akaniangalia kana kwamba msiba umenipanda kichwani. Nikamwaga ndoo tatu nne za maji kutoka juu mpaka matope yakaisha, nikaomba leso safi kwa mama mmoja, nikailowesha, nikaikamua, nikaitandaza juu ya bonneti kwa upana wake wote, kisha nikashika pembe mbili na kuivuta kuja kwangu polepole, mara moja tu. Maji yakaifuata. Nilipogeuka, Chemutai, mjane mwenyewe, alikuwa ananitazama kutoka chini ya hema, na alikuwa anacheka. Alijaribu kujifunika na kitambaa cha kichwa lakini mabega yalimsaliti. Shemeji zake wakamkazia macho, na mimi peke yangu nikajua anacheka nini.

Jioni, wageni walipopungua, tuliketi nyuma ya jikoni kwenye viti vya plastiki, kila mtu na kikombe chake cha chai iliyopoa. Hatukuwa tumeketi hivyo kwa miaka mingi. Mimi nina mvi, yeye goti moja linamsumbua, na sahani zilikuwa zinagongana ndani ambako mabinti zake walikuwa wanaosha vyombo. "Ati nepi, Nasimiyu," akasema, na akaanza kucheka tena, na kicheko kikageuka kilio katikati, nikamshika mkono mpaka kikapita. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuwaza ule mwaka wetu wa Kibomet kila ninapokaa peke yangu, na nikaona heri niuandike kabla haujanitoka.

Ilikuwa miaka ile ambapo mwenye simu ya mkononi mjini Kitale alitembea nayo ameishika, hakuiweka mfukoni, ili ionekane. Sisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na chumba kimoja cha mbao pale mtaa wa Kibomet, kitanda kimoja tulicholalia wote wawili, jiko la mafuta ya taa, na pazia la maua makubwa ambalo Chemutai alilishona mwenyewe na kulitundika katikati ili chumba kiwe na "sebule". Kati yetu na jirani yetu, Mama Sammy, palikuwa na ubao mwembamba tu. Akikohoa tuliamka. Akikaanga vitunguu tulimeza mate. Asubuhi tulikunywa chai na viazi vitamu, na jioni tulipika ugali na mboga ya mrenda, maana mrenda haukuhitaji nyama wala maelezo. Siku za Jumapili Chemutai alileta maziwa lala kutoka kwao Kapsokwony, yenye ile rangi ya majivu na harufu ya moshi, na mimi Mbukusu nikajifunza kuyapenda bila kukunja uso.

Kando ya barabara, mbele tu ya ua wa chumba chetu, tuliinua nguzo nne, tukaezeka turubai, tukaanza kuosha magari. Wanawake wawili. Wanaume wa kibanda cha matairi upande wa pili walileta viti vyao waje kututazama. "Sasa warembo, mkimaliza hiyo, mimi pia nina mgongo wa kuoshwa," mmoja wao alipenda kusema, na Chemutai, ambaye hakuwa na haraka ya kujibu mtu, siku moja alimrushia ndoo nzima ya maji ya sabuni na akarudi kwenye gari kana kwamba alikuwa anamwagilia maua. Baada ya hapo walitusalimia kwa heshima. Kuosha hakukutushinda. Mtu yeyote aliyekulia nyumba ya udongo anajua kupambana na uchafu. Kilichotushinda ni kukausha.

Msomaji ambaye hajawahi kumiliki gari la rangi nyeusi atadhani natia chumvi. Gari linaweza kuoshwa likang'aa, ukalikausha kwa kitambaa kibaya, na usione kitu mpaka jua litoke. Jua likitoka unaona nyuzi nyembamba za mviringo zimetanda kila mahali, na mwenye gari anaziona siku hiyo hiyo. Tuliziona kwanza kwenye gari la daktari wa mifugo, la kijani kibichi cha giza, ambalo tulilikausha kwa taulo za mtumba tukijivuna. Alilizunguka mara moja, akainama, akasema tu, "Mumenikwaruza, wasichana." Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Tulikaa siku nzima tukizigeuza zile taulo, na tukakuta pindo zake zimeshonwa kwa uzi wa nailoni, mgumu kabisa, na ndani ya manyoya yake kumejificha makapi ya mahindi. Kitale nzima msimu wa mavuno inapumua makapi ya mahindi. Malori yanayapeperusha, yanaingia kwenye chai, kwenye nywele, na kumbe hata kwenye taulo zilizoanikwa nje.

Tukajaribu ile ngozi laini ya kukaushia, tuliyoinunua kwenye duka la vipuri mjini. Ilifanya kazi vizuri kwa wiki moja, kisha nikaianika juani kwa ujinga wangu ikawa ngumu hata ungeweza kuisimamisha ukutani. Tukajaribu sifongo la godoro, likanyonya maji na mchanga kwa hamu moja. Tukajaribu fulana kuukuu, zingine zikawa nzuri na zingine zikachuja rangi nyekundu kwenye milango myeupe. Dereva mmoja wa lori akatufundisha kwa mamlaka yote kwamba gari halikaushwi. "Wewe shika barabara ya Kapenguria, kanyaga, upepo itakausha bana." Tulimwambia mteja mmoja afanye hivyo. Alirudi na gari la rangi ya udongo. Na ukiliacha lijikaushe lenyewe, maji yetu ya kisima yalikuwa na chokaa, yaliacha madoa meupe yaliyokataa kutoka.

Wazo la nepi lilikuwa langu na sitalikana. Nilikuwa sokoni nikichagua mtumba, nikatia mkono kwenye fungu la nguo za watoto wachanga, na vidole vyangu vikagusa kitu ambacho hata sasa nikifumba macho ninakihisi. Nepi za pamba, za zamani, zilizofuliwa na mama fulani wa nchi za mbali mpaka zikawa nyororo kama ndani ya sikio. Hazikuwa na manyoya ya kuficha mchanga. Nilizishika pale nimesimama kama mtu aliyeona ndugu yake kwenye umati. Nilizichukua zote. Nyumbani tulikata pindo zote kwa mkasi, tukazichemsha kwenye sufuria ya ugali, tukaziloweka, na siku iliyofuata tukajaribu kwenye mlango wa gari la yule yule daktari, ambaye alikuwa amekubali kuturudia kwa masharti. Kwanza tuliondoa kichwa cha kunyunyizia mdomoni mwa mpira wa maji ili maji yamwagike bila nguvu kutoka juu ya paa, yashuke kama shuka na kuondoka mengi yenyewe. Kisha nepi nyevu ikatandazwa, ikavutwa kwa mstari mmoja, hakuna kusugua, hakuna kuzungusha. Kwenye vioo vya pembeni na mahali pa kushikia mlango tuligusa tu na kuinua. Nepi za juu hazikushuka chini ya madirisha, na za chini hazikupanda. Iliyoanguka ardhini ilikuwa imekufa, haikurudi kazini siku hiyo hata kama ilionekana safi. Daktari alilizunguka gari, akainama, akainuka. "Haya," akasema. Lile neno moja tulilila kama pilau.

Kila jioni, basi, tulizifua nepi zetu na kuzianika uani, kamba nzima kutoka ukuta hadi ukuta, nyeupe. Wasichana wawili wasioolewa. Hatukufikiria kitu. Nawaambieni ukweli, hata mara moja haikutujia kichwani ni nini mtu mwingine angeona akiitazama ile kamba.

Tulichoona sisi ni kwamba majirani walianza kutupenda. Mama Sammy alituletea chupa ya uji wa wimbi, mzito, wenye maziwa, akasema, "Kunyweni, damu irudi." Tukanywa. Asubuhi iliyofuata akaleta tena. Kijana wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akipiga redio mpaka mabati yatetemeke, akaanza kuipunguza sauti bila kuombwa. Mama mwingine wa ng'ambo ya barabara alimsimamisha Chemutai akamtazama kifuani kwa huruma na kumwambia asibebe ndoo nzito bado. "Watu wa Kibomet ni wazuri sana," Chemutai aliniambia jioni ile, tukila githeri, mahindi na maharagwe, kwenye kitanda. Nikakubali kwa moyo wote. Tulikuwa bado tunatafuna wakati sauti ya Mama Sammy ilipotujia kupitia ubao, anaongea na mgeni wake.

"Mimi kitu naogopa, huyo mtoto hata halii."

"Hata usiku?"

"Hata usiku. Nepi ni kamba mzima kila siku, lakini kulia hapana. Si wanampea dawa ya kulala?"

"Ni ya nani kati yao?"

"Ni ya huyu mrefu, Chemutai. Huyu mwingine ni wa kumsaidia tu. Na unajua huyo mrefu amechumbiwa Bungoma? Kijana wa watu hajui kitu. Masikini."

Nilitaka kucheka, na kijiko kilikuwa tayari mdomoni nikijizuia. Kisha nikamwona Chemutai. Alikuwa ameweka sahani chini. Mahari ilikuwa imepangwa kuzungumzwa baada ya mavuno, wazee wa Kapsokwony na wazee wa Kanduyi walikuwa wameshatumiana salamu, na salamu zenyewe hazikuwa rahisi, maana kila upande ulikuwa na shangazi aliyetaka kujua kwa nini watoto hawakutafuta wa kwao. Wafula alikuwa kijana wa duka la vipuri vya baiskeli mjini Bungoma, mpole mpaka unaweza kumsahau chumbani. Chemutai alimpenda kwa upole huo huo. Na mgeni wa Mama Sammy, tulimtambua kwa sauti, alikuwa wifi yake anayeuza nguo soko la Bungoma, hatua chache kutoka duka la Wafula.

"Kesho asubuhi tunaenda kibanda cha simu," nikamwambia. "Unampigia, unamwambia ni vitambaa vya gari, mnacheka, imeisha."

"Simpigii."

"Chemu, si uache maringo."

"Sio maringo. Nikimpigia nimekuwa kama mtu anajitetea. Nasimiyu, sikia. Yeye ananijua. Akikuja hapa aniulize kama nina mtoto, ama mtoto ni wa nani, siku hiyo imeisha, namrudishia pete yake. Siwezi kuolewa na mtu ataamini kamba ya nguo kuliko mimi." Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililoniogofya. Chemutai akiwa na hasira aliweza kubembelezwa. Akiwa mtulivu, hata mlima wao wa Elgon haungemsogeza.

Nilimpenda yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumwambia, na wiki ile niliishi na hofu. Nilijua Wafula angeuliza. Ni mwanamume gani asingeuliza? Nikipiga simu mimi kwa siri, Chemutai angejua, na asingenisamehe. Nikawa nafua nepi na kuzianika ndani, juu ya kitanda, zikitudondokea usiku, mpaka yeye mwenyewe akazitoa na kuzirudisha kamba ya nje. "Sina kitu naficha," akasema.

Aliyekuja kwanza hakuwa Wafula bali shangazi yake, Rasoa, ndani ya pikapu ya binamu, amevaa sweta mbili na kofia ya kanisa. Hakusalimia. Alisimama mbele ya kamba na kuihesabu kwa kidole. "Iko wapi?" akauliza.

"Nini, Shangazi?" nikamjibu.

"Usinichezee, wewe ni Mbukusu, mtoto wetu. Mtoto iko wapi?"

Nilimweleza. Nilimweleza kuanzia taulo hadi chokaa ya kisima, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. "Nepi ya gali?" akasema. "Sasa gali inakojoa?" Aliingia chumbani akainua pazia la maua, akachungulia chini ya kitanda, akafunua sufuria. Alichukua nepi moja akainusa kwa muda mrefu, na nadhani harufu ya sabuni ya gari ilimtatiza. Chemutai alileta mpira wa maji, akaosha ile pikapu ya binamu mbele yake, akaikausha yote, mlango kwa mlango, kwa mistari iliyonyooka, na mgongo wake ulikuwa umenyooka vile vile. Nilitaka kulia kwa kumtazama. Shangazi Rasoa alikunywa chai yetu, akala viazi vyetu, akapanda gari lililong'aa. "Gali nimeiona," akasema kupitia dirishani. "Mtoto sijaiona, lakini hata mlima Elgon ukifunikwa na mawingu siuoni." Ndani ya siku chache habari ikaturudia kupitia ule ule ubao wa Mama Sammy: wasichana wale ni wajanja, wamemkimbiza mtoto kwa nyanya yake Kapsokwony.

Wafula akaja Jumapili. Tulikuwa na gari la daktari, limetoka kusuuzwa, maji yanateremka. Nilimwona kwa mbali akishuka kwenye baiskeli ya boda, suruali imepigwa pasi, kifurushi cha karatasi ya kahawia kimekumbatiwa kifuani. Chemutai alimwona pia. Alivua ile pete taratibu, akaishika ndani ya kiganja, akaendelea kutandaza nepi kwa mkono mwingine. Mimi nilijifanya kukamua kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakauka.

Akasimama. Akasalimia. Aliuliza habari ya kazi, habari ya mvua, akaniuliza hata habari ya mama yangu, na kila swali lilipokuwa linakuja niliona ngumi ya Chemutai inakaza. Kisha akautazama ule msururu mweupe kwenye kamba, na uso wake ukalainika namna ambayo sikuitegemea.

"Chemu," akasema. "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mtoto. Mimi sikukuja na maneno mingi. Nimewaambia nyumbani ukikuja, akuje na wewe, muwe wote. Shangazi amepiga kelele, lakini Mama amekubali. Ni vile tu sijui jina, na nimeona si vizuri kumletea kitu na sijui jina." Akafungua karatasi. Lilikuwa shali la mtoto, la sufu, manjano hafifu, jipya.

Kiapo cha Chemutai kilikuwa kimesubiri maswali mawili, na hakuna hata moja lililokuja. Alikwenda kwenye kamba, akachomoa nepi, akaiweka mkononi mwa Wafula juu ya lile shali, na kwa sauti ndogo akamweleza: magari, mikwaruzo, pindo tulizokata, Mama Sammy na uji wake. Nilisubiri acheke. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza, kwa ile nafuu niliyoipata. Wafula hakucheka. Aliigeuza nepi upande huu na upande ule.

"Kwa hivyo hakuna?"

"Hakuna, Wafula. Hakuwahi kuwako."

Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Njia yote kutoka Bungoma," akasema, "nilikuwa nafikiria kama atanikubali." Na nikaona, kwa macho yangu haya, kwamba yule kijana alikuwa na huzuni. Alikuwa amepanda gari asubuhi akiwa baba wa mtoto asiye wake, amezoea wazo hilo njiani, amelipenda, na sasa tumemnyang'anya.

Chemutai alipiga magoti kwenye tope mbele yake. Alikuwa amesharudisha pete kidoleni, hata sikuona saa ngapi. "Jina tutalitafuta," akamwambia, akimshika mikono yote miwili na lile shali ndani yake. "Wafula, si tutalitafuta pamoja?" Huyo ndiye mtu tuliyemzika Kanduyi.